Kuboresha Bafu la Manyunyu katika Nyumba za Pwani: Nini Kitangulie

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba au mpangaji anayeishi katika ukanda wa pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, ambaye anakusudia kubadilisha bomba lake la kuogea kwa shawa iliyo bora zaidi. Baada ya kulisoma, mtumiaji atakuwa na uwezo wa kupima maji yanayofika bafuni kwake, kuamua iwapo kweli anahitaji hita, kutambua dalili za hatari ya umeme, na kujua maswali ya kumwuliza muuzaji na fundi kabla ya kutoa fedha.

Aghalabu mnunuzi huanza na kile kinachoonekana: kichwa kipana cha shawa, mng'ao wa bomba na rangi ya vigae. Fedha zikiisha, waya wa zamani hubaki ulivyokuwa na dirisha dogo hubaki dogo. Huo ni mpangilio uliogeuzwa juu chini. Katika bafu la pwani, vitu vinavyolinda uhai na vinavyofanya kazi idumu ni vile vilivyofichika ukutani, darini na chini ya sakafu. Hivyo basi, vinapasa kulipiwa kwanza.

1. Jinsi hali ya hewa inavyobadilisha hesabu

Jijini Dar es Salaam, joto la mchana kati ya Desemba na Machi hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na hata usiku wa Julai, ambao wenyeji huuona wa baridi, joto huwa karibu na nyuzi 20. Hewa nayo hubeba unyevu mwingi mwaka mzima. Hali hiyo inaleta mambo matatu ambayo mtu wa Njombe au Lushoto hana haja ya kuyafikiria sana.

Kwanza, maji ya pwani hufika bomba yakiwa tayari na uvuguvugu, kwa hiyo joto la kuyaongezea ni dogo. Pili, maji yaliyomwagika ukutani hayakauki upesi, kwa kuwa hewa iliyopo tayari imejaa unyevu. Kuvu hupata makazi na rangi hubabuka. Tatu, chumvi iliyomo katika upepo wa bahari, na katika maji ya visima vingi vya pwani, hula chuma, skrubu na maungio ya umeme. Kifaa kinachodumu miaka mingi bara huweza kuharibika mapema katika nyumba iliyo jirani na bahari.

2. Pima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Chukua ndoo ya lita 10 na saa. Fungua bomba la kuogea hadi mwisho, kisha hesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Ikijaa kwa sekunde 60, bomba hutoa lita 10 kwa dakika; ikijaa kwa sekunde 100, hutoa lita 6; ikichukua sekunde 200, hutoa lita 3 tu. Kwa kuoga vizuri, lita 6 hadi 8 kwa dakika zinatosha kabisa, ilimradi kichwa cha shawa kiwe kimeundwa kugawa maji hayo sawasawa.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano, kila mmoja akioga mara moja kwa siku kwa dakika 5. Shawa inayomwaga lita 12 kwa dakika itatumia lita 300 kwa siku. Ile inayomwaga lita 7 itatumia lita 175. Tofauti ni lita 125 kila siku, yaani lita 3,750 kwa siku 30. Kwa anayenunua maji ya boza au ya madumu, kiasi hicho si kidogo.

Kipimo cha pili ni msukumo wa maji, ambao wengi huuita presha. Katika nyumba inayotegemea tangi la juu, msukumo hutokana na kimo cha maji juu ya kichwa cha shawa, wala hauongezwi na ukubwa wa tangi. Kila mita moja ya kimo hutoa takriban baa 0.1, sawa na kilopaskali 10. Iwapo kitako cha tangi kiko mita 4 kutoka sakafu ya bafu na kichwa cha shawa kiko mita 2, basi tangi linapokaribia kuisha msukumo uliobaki ni wa mita 2 tu, yaani baa 0.2, tena kabla ya kupunguzwa na msuguano wa mabomba.

Linganisha hesabu hiyo na lebo ya kifaa unachotaka kununua. Shawa za umeme zinazopasha maji papo kwa papo huandikwa msukumo wa chini kabisa unaohitajika ili kifaa kijiwashe. Ukiwa na msukumo pungufu, kifaa hakitawaka, au kitawaka na kuzima huku mtu akiwa na povu mwilini. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha takwimu hiyo kwenye lebo au kwenye kijitabu cha maelekezo hajakupa taarifa unayostahili.

Msukumo ukiwa mdogo, anza na tiba iliyo rahisi. Fungua kichwa cha shawa cha sasa, kiloweke katika siki, kisha kisugue. Mara nyingi tundu zimezibwa na chokaa na mchanga. Safisha vichujio. Hatua inayofuata ni kupanua bomba linaloshuka kutoka tangini, kutoka nusu inchi hadi robo tatu ya inchi, na kuondoa kona zisizo za lazima. Kuinua tangi ni hatua kubwa zaidi, nayo ina hatari yake: lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Mnara au paa la kubeba mzigo huo lazima lipimwe na mtaalamu wa ujenzi. Pampu iwe ndiyo chaguo la mwisho, kwa sababu huongeza gharama ya umeme na kifaa kingine cha kutunzwa.

3. Je, unahitaji hita?

Watu wengi huoga wakistarehe kwa maji yenye joto la nyuzi 37 au 38. Kanuni ifuatayo itakusaidia kujua nguvu ya hita inayokufaa: zidisha lita kwa dakika, mara idadi ya nyuzi unazotaka kuongeza, kisha mara 70. Jibu litakuwa katika wati.

Kwa mkazi wa pwani ambaye maji yake yana nyuzi 26 na anataka yafike 38, akitumia lita 4 kwa dakika, hesabu ni 4 mara 12 mara 70, ambayo ni wati 3,360. Kwa mkazi wa nyanda za juu ambaye maji yake yana nyuzi 15, kiasi kilekile cha maji kitahitaji 4 mara 23 mara 70, ambayo ni wati 6,440. Ndiyo kusema shawa ya wati 5,500 inayosifiwa dukani kuwa "yenye nguvu" haina faida kwa mtu wa Tanga. Itampa maji yanayochoma, na itahitaji waya mnene zaidi. Kwa pwani, hita ya wati 3,500 au isiyofika hapo, yenye ngazi kadhaa za joto, aghalabu inatosha.

Tazama pia matumizi ya umeme. Hita ya wati 3,500 ikiwaka kwa dakika 6 hula uniti 0.35. Watu watano wakioga hivyo kila siku, jumla ni uniti 1.75 kwa siku, au uniti 52.5 kwa siku 30. Tanzania Bara, mteja mdogo wa umeme ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa bei nafuu. Hita pekee yaweza kumaliza zaidi ya theluthi mbili za kiwango hicho. Kabla ya kununua hita, piga hesabu ya mwezi mzima, wala usitazame bei ya dukani peke yake.

Zipo njia nyingine. Mtungi wa jua unaowekwa juu ya paa hufaa sana pwani, ingawa gharama yake ya mwanzo ni kubwa. Familia yenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee inaweza kuchemsha sufuria moja na kuchanganya katika ndoo. Hilo halina aibu yoyote, na kwa wengi ndilo jawabu la busara kwa asubuhi chache za Julai. Ukichanganya, tangulia kutia maji baridi, kisha ya moto, na upime kwa mkono kabla ya kumwogesha mtoto.

Anayechagua hita ya mtungi wa kuhifadhi maji azingatie mambo mawili. Vali ya usalama inayotoa maji msukumo unapozidi isizibwe kamwe, hata kama inadondosha, kwa kuwa mtungi usio na pa kupumulia waweza kupasuka. Aidha, maji yaliyotuama kwa muda mrefu yakiwa na uvuguvugu huweza kukuza bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kwa njia ya matone madogo ya manyunyu. Kwa sababu hiyo mitungi hii hupashwa hadi nyuzi 60, kisha maji hupozwa kwa kuchanganywa kabla ya kumfikia mtu, kwani maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Ukirudi safari ndefu, fungua bomba la shawa kwa dakika kadhaa huku umetoka bafuni na dirisha liko wazi.

4. Umeme na maji: sehemu isiyo na mjadala

Mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili mkavu, na mtu anayeoga husimama bila viatu juu ya sakafu yenye maji. Kwa hiyo kosa dogo la waya, ambalo sebuleni lingemshtua mtu tu, bafuni laweza kumwua.

Hita ya wati 3,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampia 15. Ya wati 5,500 huvuta karibu ampia 24. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampia 13. Kwa hiyo hita haichomekwi kwenye soketi, wala haiunganishwi na waya wa taa ya bafuni. Yapasa iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, yenye waya wa unene unaofaa. Kwa hita ya wati 5,500, waya usiwe chini ya milimita 4 za mraba, na masafa yakiwa marefu fundi akokotoe unene zaidi. Swichi yake ikate nyaya zote mbili na iwekwe nje ya bafu, mahali ambapo mkono uliolowa haufiki.

Ulinzi wa kwanza ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja badala ya kuuacha upite mwilini mwako. Waya huo, wenye rangi ya kijani na mistari ya njano, lazima ufike hadi kwenye fito iliyopigwa ardhini na kupimwa kwa kifaa. Kuufunga kwenye bomba la maji hakutoshi, kwa sababu mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki. Kuuunganisha na waya wa nyutro ndani ya kifaa ni hatari zaidi: nyutro ikikatika mahali popote, gamba la kifaa na maji yake vitashika umeme.

Ulinzi wa pili ni kikata-umeme cha mvujo, chenye alama ya miliampia 30. Hiki hutofautiana na sakiti breka ya kawaida. Breka hulinda waya usiungue kwa mzigo mkubwa. Kikata-umeme cha mvujo hulinda mtu, kwa kuzima umeme mara tu sehemu yake inapopotea njiani. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, kisipozima, kibadilishwe.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa watu wa pwani. Baadhi ya shawa za umeme zina koili iliyo uchi, inayogusana na maji moja kwa moja. Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, hivyo mvujo huongezeka. Ndiyo sababu kikata-umeme hujizima mara kwa mara katika nyumba zinazotumia maji ya kisima chenye chumvi. Fundi akikuambia kwamba dawa ni kukiondoa kikata-umeme, mkatalie. Dawa ni kununua hita ambayo koili yake imefunikwa, na ambayo mtengenezaji ameandika kuwa inafaa kwa maji ya aina yako.

Dalili ifuatayo isidharauliwe hata siku moja. Ukigusa bomba, au ukihisi maji, yanakuwasha vidole au "yanapiga shoti kidogo", toka bafuni, zima swichi kuu, wazuie watu wote wa nyumbani wasiingie, na umwite fundi. Wapo wanaozoea hali hiyo na kuvaa ndala wakati wa kuoga. Ndala hazikuondolei hatari. Mshtuko mdogo wa leo ni taarifa kwamba umeme umekwisha kufika kwenye maji. Kinachobaki ni siku ambayo njia ya kwenda ardhini itakuwa mwili wa mtu.

5. Unyevu, sakafu na vifaa vinavyostahimili chumvi

Maji ya moto huongeza mvuke. Kwa hiyo anayeweka hita bila kupanua njia ya hewa ananunua kuvu. Bafu liwe na upenyo wa juu karibu na dari, mahali mvuke unapokusanyika, na upenyo wa chini, kwa mfano chini ya mlango, ili hewa ipate kuzunguka. Feni ya kutoa hewa isukume mvuke hadi nje ya nyumba. Ikiishia darini, mbao za paa zitaoza. Wakati wa masika, ambapo hewa ya nje nayo ina unyevu mwingi, kukausha kuta kwa mpira wa kusukumia maji baada ya kuoga hufaa kuliko dawa yoyote ya kupulizia.

Sakafu iinamie kwenye tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Chini ya tundu kuwe na mtego wa maji unaozuia harufu na mende. Kabla ya vigae kubandikwa, fundi apake tabaka la kuzuia maji kwenye sakafu na sehemu ya chini ya kuta, kisha jaribio lifanyike: ziba tundu, jaza maji ya kimo cha sentimita 2 au 3, na uyaache kwa saa 24. Maji yakipungua isivyo kawaida, au unyevu ukijitokeza upande wa pili, kazi irudiwe. Kigae hakizuii maji peke yake; yaliyo chini yake ndiyo yanayozuia. Chagua vigae vya sakafu vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuwa vile vinavyong'aa huteleza vinapolowa.

Kwa vifaa, shaba iliyopakwa kromu na chuma cha pua hudumu kuliko bati jembamba au plastiki iliyong'arishwa. Karibu na bahari, chuma cha pua cha daraja la 316 huhimili chumvi kuliko cha daraja la 304. Shika kifaa mkononi: bomba la shaba huwa zito, na lile jepesi mno lastahili maswali.

6. Kununua na kumpa fundi kazi

Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kwa Zanzibar ile ya ZBS. Kwa hita za papo kwa papo, kiwango cha kimataifa cha usalama ni IEC 60335-2-35. Soma lebo: iwe na jina la mtengenezaji, volti, wati, msukumo wa chini na wa juu, na alama ya kinga dhidi ya maji, kama vile IPX4 kwa matone yanayorushwa au IPX5 kwa maji yanayopigwa kwa kasi. Dai risiti ya mashine ya EFD na hati ya dhamana iliyojazwa tarehe. Bila risiti, madai yako baadaye yatakuwa maneno matupu. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia Tanzania Bara hupelekwa Tume ya Ushindani.

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA; mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza. Makubaliano yaandikwe, hata kwa karatasi moja: kazi zitakazofanywa, vifaa na nani atakayevinunua, bei, na vipimo vitakavyoonyeshwa mwishoni. Sehemu ya malipo ibaki mpaka fundi aonyeshe mbele yako kipimo cha waya wa ardhi na kikata-umeme kikizima kwa kitufe chake.

Mpangaji ana tahadhari ya ziada. Asiweke hita bila ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hasa katika nyumba yenye bafu la pamoja, kwa sababu hitilafu ya kifaa chake yaweza kumdhuru jirani. Mwenye nyumba naye asijifariji kwamba kifaa si chake: waya wa ardhi wa nyumba ni wajibu wake kabla ya kifaa chochote kufungwa.

Muhtasari

Panga matumizi kwa utaratibu huu: kwanza kupima maji na kukagua waya wa ardhi, pili kuweka kikata-umeme cha mvujo na njia ya pekee ya umeme, iwapo hita inahitajika, tatu kutengeneza upenyo wa hewa na tabaka la kuzuia maji, nne kununua shawa yenyewe, na mwisho kabisa, vigae na mapambo. Fedha zikiisha katikati ya safari, utakuwa umeishia mahali salama. Ukianza na mapambo, zitakuishia mahali pa hatari.

Maswali ya kujipima

1. Ndoo ya lita 10 imejaa kwa sekunde 75. Bomba hutoa lita ngapi kwa dakika, na je, zinatosha?
2. Kitako cha tangi kiko mita 5 kutoka sakafu na kichwa cha shawa kiko mita 2. Lebo ya hita inadai msukumo wa chini wa baa 0.5. Je, hita hiyo itafaa?
3. Maji yako yana nyuzi 27 na unataka yafike 37 kwa lita 5 kwa dakika. Unahitaji wati ngapi?
4. Eleza tofauti kati ya sakiti breka na kikata-umeme cha mvujo.
5. Jirani anasema bomba lake humwasha vidole lakini amezoea. Utamshauri afanye nini leo hii?

Majibu ya hesabu: (1) lita 8, zinatosha, (2) haitafaa, kwa kuwa tangi linapokaribia kuisha msukumo ni baa 0.3 tu, (3) wati 3,500.